Hilo Pipa Lilibeba Nini?



Wapendwa vijana wenzangu, wiki hii sina maneno makubwa. Nataka tuongee habari za kuku. Ndiyo, kuku. Tulijenga banda la kuku bila kununua hata bati moja jipya, na katika kulijenga nusura niwawekee sumu wajukuu wa bibi mmoja. Mimi, Frateri wenu, mwenye shahada ya falsafa.

Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi ni mtoto wa Shinyanga. Baada ya kumaliza falsafa nimetumwa mwaka wa uchungaji upande wa Geita, kwenye kigango ambacho ukisimama mlangoni mwa kanisa unasikia karasha zikisaga mawe tangu asubuhi. Huku karibu kila nyumba ina mtu aliyeko machimboni, au aliyewahi kwenda, au aliyekwenda asirudi.

Katika jumuiya yetu ndogo ndogo yuko bibi mmoja mjane anayelea wajukuu watatu. Ana matetea kumi na wawili wa kienyeji na jogoo mmoja. Hiyo ndiyo benki yake. Daftari la shule likiisha, yanauzwa mayai. Mtoto akiugua, kuku mmoja anakwenda mnadani. Sasa, kuku hao walikuwa wanalala chumba kimoja na watoto, kwa sababu nje kicheche alishamaliza vifaranga mara mbili. Ukifika asubuhi, harufu inakupokea kabla ya bibi mwenyewe. Na mjukuu mdogo alikuwa na kikohozi kisichoisha.

Siku tuliyosali jumuiya kwake, tulipomaliza, mwenyekiti akatugeukia: "Nyie vijana, mpo kwa ajili ya kuimba tu?" Tukainamisha vichwa. Jumamosi iliyofuata tukaanza kazi.

Hela hatukuwa nazo, tukakubaliana kukusanya vilivyotupwa. Niliwapa na tafakari fupi, maana frateri hakosi tafakari! Niliwakumbusha kwamba Yesu alipokwisha kulisha watu elfu tano, aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, kisipotee kitu (Yn 6:12). Mwenye uwezo wa kuzidisha mikate bado alijali makombo. Papa Fransisko naye, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitukemea kwa utamaduni wa kutupa: tunatupa vitu, na tukishazoea tunatupa hata watu. Hilo la mwisho nililisema haraka haraka, nikapita. Mtaona kwa nini nalikumbuka.

Sisi wa Shinyanga tuna sababu nyingine ya kuogopa kukata mti ovyo. Mkoa wetu uliwahi kukaribia kuwa jangwa. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, tunaouita HASHI, na watu wakairudia desturi ya wazee wetu Wasukuma ya ngitili: unalifunga eneo, majani na miti vinapumzika, mifugo inaingia wakati wa kiangazi. Ardhi ikafufuka. Kwa hiyo banda letu lisingekata mti mbichi hata mmoja.

Tukapata mabati chakavu kwenye vibanda vilivyoachwa rashi ilipohamia kwingine. Tukapata mbao za makreti ya mizigo, madumu ya mafuta ya kula ya lita ishirini, na wavu wa chuma wa kuchekechea mchanga. Nyavu kuukuu za wavuvi wa ziwani tulizikataa, kicheche anazitafuna. Misumari iliyopinda, wajukuu waliinyoosha juu ya jiwe. Mmoja wetu alitaka kwenda kung'oa matimba kwenye duara lililoachwa yawe nguzo. Hapo nilikuwa mkali. Matimba ndiyo yanayoishikilia ardhi, na tunakumbuka Nyangalata kule Kahama, mwaka 2015, wachimbaji watano walipotolewa hai baada ya siku 41 chini. Tukatumia nguzo za choo cha zamani cha bibi. Zilikuwa nzima.

Ramani yake ilikuwa hivi, kwa anayetaka kuiga. Banda mita mbili kwa mita moja na nusu, limeinuliwa futi tatu juu ya nguzo sita. Kila nguzo imevishwa kola ya bati ili kicheche na panya wateleze. Sakafu ni mbao zilizoachiana nafasi kidogo, kinyesi kinadondoka chini, asubuhi kinazolewa kwenda kwenye mchicha. Upande mrefu unafuata mashariki na magharibi, jua kali lisipige ndani. Nusu ya chini ya ukuta ni mbao kuzuia upepo, nusu ya juu ni wavu ili hewa ipite. Ndani kuna fito za kulalia, na madumu matatu yaliyokatwa ubavuni, yakatiwa nyasi kavu, ndiyo viota vya kutagia. Pembeni kuna shimo la majivu la kuogea, dawa ya utitiri isiyouzwa dukani.

Sasa nije kwenye dhambi yangu.

Kati ya vijana waliojitokeza kulikuwa na mmoja, simtaji jina, aliyerudi kutoka machimboni miezi miwili kabla. Kijijini walisema mengi juu yake. Kwamba amekimbia deni. Kwamba kule alikuwa anaiba mawe ya watu. Mzee mmoja alinivuta pembeni: "Frateri, huyo msimpe vifaa." Nami, bila kumuuliza mwenyewe hata swali moja, nikamtuma kuchota maji. Kutwa nzima. Wenzake wameshika nyundo na misumeno, yeye ana ndoo mbili. Alichota bila kunung'unika.

Siku ya pili akaja kijana mwingine, mwanakwaya wetu mzuri tu, anavingirisha pipa la chuma. Amelikuta jirani na mtambo wa kuchenjulia uliofungwa. Pipa zuri! Lina mfuniko, rangi bado inang'aa. Nilifurahi, jamani. Nikaona tutalipasua katikati kwa urefu, nusu iwe ya chakula, nusu iwe ya maji. Nikasema kwa sauti, "Mungu katoa." Tukalisuuza kwa sabuni. Nikachukua tindo.

Yule wa maji akaweka ndoo chini.

"Frateri, samahani. Hilo pipa lilibeba nini?"

"Sijui. Tumeshaliosha."

"Hapa palikuwa na lebo, imebanduliwa. Mapipa ya hivi nimeyashusha kwenye gari mwaka mzima. Ni ya sayanaidi."

Kila mtu alisimama. Akatueleza polepole, kama katekista anavyoeleza watoto. Mawe yakishasagwa na kuoshwa, yanabaki marudio, na ndani ya marudio bado imo dhahabu. Marudio yanalowekwa kwenye matangi yenye sayanaidi, dhahabu inatoka. Alishaona mbuzi waliokunywa maji ya huko. Hawakufika mbali. Kisha akaanza kupekua rundo letu lote, kimoja kimoja. Akatenga na karai moja: "Hili watu wamekamulia zebaki." Akatenga na kipande cha turubai. Mwisho alikuwa ametenga vitu vinne. Bibi alikuwa amesimama pale pale na jagi la maji mkononi, anasubiri kuwanywesha kuku wake.

Tulinawa mikono mara nyingi siku hiyo. Vitu vile vikawekwa mbali na watoto, tukatoa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji, na baadaye wanaohusika wakaja kuvichukua.

Usiku sikulala vizuri. Chuoni tulisoma sababu nne za Aristotle. Ukitaka kukijua kitu, uliza: kimetengenezwa kwa nini? Kina umbo gani? Nani kakitengeneza? Ni kwa ajili gani? Juu ya lile pipa ningejibu yote manne na kupata alama A. Ni la chuma, ni la mviringo, limetoka kiwandani, na sasa ni kwa ajili ya kuku. Swali la tano, kwamba lilipita wapi kabla ya kufika hapa, sikuliuliza. Kuku anapekua, anadonoa, anameza. Anachomeza kinaweza kuja kwenye yai, na yai linaliwa na mtoto. Kule Minamata, Japani, zebaki ilitoka kiwandani ikaingia baharini, ikaingia kwenye samaki, ikaingia kwa watu. Ugonjwa ule ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Ilianza kama kitu kilichotupwa tu.

Lakini vijana wenzangu, kilichoniamsha zaidi si pipa. Ni yule kijana. Pipa linang'aa, nikaliamini bila kuuliza. Kijana ana sifa mbaya, nikamkataa bila kuuliza. Kosa ni lile lile moja. Na ona kilichotuokoa: aliijua sumu kwa sababu alitoka kule kule tulikokuwa tunamhukumu kwako. Kitabu cha Ayubu, sura ya 28, kinasimulia wachimbaji wanaoning'inia gizani wakitafuta dhahabu, halafu kinauliza hekima inapatikana wapi. Siku ile hekima ilitoka machimboni imebeba ndoo mbili za maji.

Zaburi ya 118 inazungumzia jiwe walilolikataa waashi likawa jiwe kuu la pembeni, na Yesu alijitaja mwenyewe kwa maneno hayo (Mt 21:42). Tunaiimba Pasaka tukiwa tumependeza. Tunasahau kwamba waliolikataa ni waashi, watu wa kazi, wanaodhani wanajua kupima. Watu kama frateri mwenye ramani mkononi.

Tuelewane hapa. Mtu si pipa. Pipa lile sisi hatuna uwezo wa kulitakasa, kulitenga ndiyo busara. Wala kumpenda mtu si kujifanya hakubeba kitu. Tofauti ni kwamba yupo Mmoja anayeweza kumtakasa mtu, na mlango wake tunaujua: Sakramenti ya Kitubio. Pale unasema mwenyewe, kwa mdomo wako, ulibeba nini. Husemi ili utupwe. Unasema ili uondolewe. Hatari haiko kwa aliyerudi na lebo yake usoni, kijiji kizima kinaisoma. Hatari iko kwetu tuliobandua lebo tukajipaka rangi: tunaimba kwaya, tunasoma masomo, tunavaa kanzu nyeupe, na hakuna aliyewahi kutuuliza. Nami nilikwenda kuungama Jumamosi ile. Nilianzia na ndoo mbili.

Lakini kabla ya kuungama nilimfuata kwanza kijana mwenyewe, jioni, akikunja mikono ya shati. "Kaka, nisamehe. Nilikuweka kwenye maji kwa sababu ya maneno ya watu."

Akacheka kidogo. "Aah, Frateri. Nimezoea."

Hilo "nimezoea" liliniuma kuliko kama angenitukana. Siku ya tatu alishika nyundo. Mlango wa banda, wenye komeo la mbao lisilofunguka kwa mkono wa kicheche wala wa mwizi mvivu, ni kazi yake.

Kuku wamehamia. Wamechanjwa mdondo, tone moja moja jichoni, na tutarudia kila baada ya miezi mitatu. Tetea mmoja alilalia mayai kumi na moja. Siku ya ishirini na moja wakatoka vifaranga tisa. Mjukuu bado anakohoa, ila analala. Na kijana wetu? Ningependa kuwaambia kwamba sasa ni kiongozi wa vijana. Hapana. Amerudi machimboni, deni ni la kweli. Jumapili nyingine anakuja Misa, nyingine haji. Juzi alinitumia ujumbe: "Frateri, kuku wa bibi wanatagaje?" Nikamjibu, "Wanataga. Mlango wako upo imara."

Jioni ukipita kwa bibi utaona tetea akiwaita vifaranga wote tisa chini ya mbawa zake, mpaka hubaki kuona miguu tu. Yesu alipolia juu ya Yerusalemu hakujifananisha na tai. Alijifananisha na kuku (Mt 23:37). Tena kuku ambaye vifaranga wake walikataa kuja. Nadhani anajua vizuri jinsi inavyouma kukataliwa, na hajaacha kuita.

Kazi ya wiki hii, vijana. Kwanza, angalieni nyumbani ndoo, pipa au karai linalonywesha watu au mifugo. Kama hamjui lilibeba nini, msilitumie. Pili, mtafuteni mtu mmoja mliyemweka kwenye maji kwa sababu ya maneno ya watu, mkamwulize habari zake mwenyewe. Tatu, kabla ya Jumapili, nendeni mkaungame bila kubandua lebo.

Tuombe. Ee Yesu uliyekataliwa na waashi, tunakuletea tulichobeba. Kile cha sumu kiondoe, kile chema kijenge. Utufundishe kuuliza kabla ya kuamini na kabla ya kukataa. Uwalinde wenzetu walioko chini ya ardhi usiku huu, na uwarudishe nyumbani. Amina.

Wenu katika Kristo,
Frateri