Chakula cha Jumatano

Kila Jumapili jioni, majirani wakipiga pasi sare za shule na nguo za kazi, mimi napika chakula ambacho hakuna mtu atakila siku hiyo. Nachemsha ndengu hadi zilainike kabisa. Nakaanga nyama ya kusaga kwa mafuta kidogo na nyanya nyingi, na ninaacha mchuzi wa kutosha. Navunjavunja samaki kwa vidole nikitafuta miiba. Kisha nagawanya kila kitu kwenye vibakuli vidogo vya plastiki vyenye vifuniko, nusu kikombe kila kimoja. Vikipoa, nabandika karatasi na kuviweka kwenye friza. Vibakuli kumi na vinne. Ukivimimina vyote kwenye sufuria moja, vitatosha mchana mmoja wa watu watatu, tena wakiwa na ugali pembeni.

Ni chakula cha shangazi yangu cha wiki nzima.

Mwaka jana alifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo. Katika upasuaji wa aina hiyo, madaktari huondoa karibu asilimia 80 ya mfuko na kumwachia mtu kitu chembamba chenye umbo la ndizi. Kisukari kilikuwa kimemwandama miaka tisa, na magoti yalikuwa yamegoma kupanda ngazi za shule anakofundisha. Akachukua mkopo wa sacco. Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu, naandikia watu makala mtandaoni kwa malipo ya kubahatisha. Nikahamia kwake Umoja. Makubaliano yalikuwa mepesi: yeye analipa nyumba, mimi napika.

Nilidhani najua kupika. Wiki mbili za kwanza zilikuwa za vitu vya majimaji tu, supu iliyochujwa na maziwa. Halafu tukaingia vyakula vya kusagwa, na hapo nikagundua kazi ya pili ya trei ya barafu: kila kitundu kinabeba kama vijiko viwili vya mezani, na kwa siku zile hivyo viwili vitatu vilikuwa mlo. Nilisaga maharagwe, nikasaga samaki, nikagandisha. Baadaye vikaja vyakula laini, na masharti ambayo hayataisha: protini kwanza kabla ya kitu kingine chochote, kutafuna polepole, kutokunywa maji wakati wa kula, vitamini kila siku maisha yake yote. Nilijifunza pia kwamba kuku wa juzi akipashwa moto bila mchuzi hukauka na kumkwama kifuani. Na kwamba stima ikipotea hatufungui mlango wa friza, kwa sababu ikiwa imejaa inaweza kukaa na baridi yake karibu siku mbili.

Kwa nini kupika mapema? Kwa sababu ya saa kumi na mbili jioni. Shangazi huamka saa kumi na moja alfajiri, anafundisha watoto zaidi ya sitini, anapanda matatu mbili kurudi. Saa hiyo hana nguvu ya kuchambua ndengu. Na tumbo dogo halizuii kila kitu kama watu wanavyofikiri. Nyama kavu hulikwama, lakini biskuti, aiskrimu na soda hupita tu. Kwa hiyo kinachoamua ataingiza nini mdomoni saa hiyo ni kile kilicho karibu.

Baba mkubwa, kaka yake, hakukubali tangu mwanzo. Siku tuliyokutana nyumbani Machakos alisema mbele ya wote kwamba hiyo operesheni ni njia ya mkato. "Si angefunga tu mdomo? Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Shangazi akamjibu kwamba magoti ndiyo yaliyokataa kuinama. Watu wakacheka, lakini mimi maneno yale yalinichoma, maana nilikuwa nimeyasikia kabla. Nilipoacha chuo, sababu ikiwa karo na pia kichwa kilichokuwa kimechoka, yeye ndiye aliyesema sina nidhamu.

Basi swali limenikaa. Mtu akipata kujizuia kwa msaada, kwa kisu cha daktari na friza iliyopangwa, je, huko ni kujizuia? Ama ni kudanganya mtihani?

Aristotle alitofautisha watu watatu. Wa kwanza ni mtu wa kiasi, ambaye tamaa yake yenyewe imetulia. Wa pili anatamani kupita kipimo lakini anaishinda tamaa. Wa tatu anajua lililo jema, anakusudia kulitenda, na bado anashindwa. Shangazi alikuwa wa tatu kwa miaka mingi, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye. Sasa, sehemu ya tumbo iliyokatwa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa inayoitwa ghrelini. Ikiondolewa, njaa hupungua. Yaani alilala mezani akiwa mtu wa tatu, akaamka amesogea karibu na wa kwanza. Kwa Aristotle, wema wa tabia hujengwa kwa kutenda tena na tena. Hakuna anayeupata akiwa amelala usingizi wa dawa.

Hapo ningempa baba mkubwa ushindi, kama si kumjua vizuri. Ni mwembamba, na anajisifu kwa hilo. Lakini ana duka la vipuri, na kila siku saa saba mama mkubwa humpelekea chakula dukani: githeri, mboga za kienyeji, tunda. Hajawahi kusimama mbele ya kibanda cha chipsi akiwa na njaa na shilingi mia mbili mfukoni, akijiuliza ale nini. Nidhamu yake inapikwa na mtu mwingine asubuhi akiwa bado anaoga. Mimi nasema tofauti yake na shangazi ni hii tu: msaada wa mmoja unaonekana, wa mwingine umezoeleka hadi umekuwa hewa.

Profesa John Mbiti, Mkenya mwenzetu, alieleza mwaka 1969 katika African Religions and Philosophy kwamba Mwafrika hawi mtu peke yake, anakuwa mtu ndani ya watu wake. Tunapenda kulitumia wazo hilo kwenye hotuba. Inapofika kwa unene, deni ama kuacha shule, tunalisahau, tunamwachia mtu mmoja lawama yote.

Nilidhani hapo nimemaliza kufikiri, hadi Jumatano moja. Wakati huo kila karatasi niliyobandika ilikuwa na siku: "Jumatano mchana", "Jumatano usiku". Nilirudi nikamkuta shangazi mezani, taa haijawashwa, anachovya mandazi kwenye chai. Nikafungua friza, nikahesabu.

"Shangazi, vya leo vyote viwili viko hapa."

Alimaliza kutafuna kwanza. "Nilikuomba unipikie. Sikukuomba unihesabie."

Alikuwa ametoka matanga ya mwalimu mwenzake. Walimpakulia pilau sahani nzima, akala vijiko viwili, akarudisha. Kina mama wa jikoni wakanong'ona kwamba siku hizi anajidai. Alikuwa amemlilia rafiki yake na akashindwa kula naye kwa mara ya mwisho, kwa maana kwetu kula matangani ni kumsindikiza aliyekufa. Lile andazi halikuwa la njaa.

Usiku huo sikulala vizuri. Niliona kwamba mtu wa Jumapili, akiwa ameshiba na ametulia, anaweza kumsaidia mtu wa Jumatano aliyechoka. Lakini hana haki ya kumhukumu. Na hapa mtu wa Jumapili nilikuwa mimi, kijana ambaye kwa miaka miwili alichukia kuhesabiwa semista alizokosa. Nilikuwa nimegeuka baba mkubwa, ila mwenye mwiko mkononi.

Kwa hiyo nilibadilisha karatasi. Siku hizi naandika jina la chakula na tarehe niliyopika, ili tusile kilichokaa sana. Siku ya kukila ni ya mwenyewe. Kuna wiki vibakuli huisha Ijumaa, na kuna wiki vinne hubaki. Sihesabu. Sawa, nahesabu, lakini sisemi.

Desemba tulienda tena Machakos. Shangazi alibeba kibakuli kimoja cha samaki kwenye kikapu chenye barafu. Wakati wa kupakua aliingia jikoni na kina mama, akakipasha moto kwenye sufuria ndogo, akakimimina kwenye sahani kubwa kama za wengine, akaja kukaa mkekani nao. Alikula polepole. Wengine walipoongeza mara ya pili, yeye bado alikuwa anatafuna, kwa hiyo hakuna aliyemaliza kumwacha.

Baba mkubwa alitazama ile sahani, akanitazama. "Wewe ndiye umepika?"

Nikasema ndiyo.

Akanyoosha kijiko, akaonja. "Chumvi kidogo," akasema. Kisha akachota tena.