"Nataka Nimkumbuke Alivyokuwa"



Kuna maneno ambayo sisi tunaofanya kazi wodini tunayasikia mara nyingi, na wanaoyasema si watu wabaya. Ni watu wanaopenda. Rafiki wa miaka arobaini amelazwa, saratani imemkonda, na mwenzake anasema: "Mimi siendi. Nataka nimkumbuke alivyokuwa." Sasa tumeanza kuyasikia hata kwenye chai baada ya ibada, kwa hiyo wiki hii tuyatafakari pamoja. Je, ni upendo, au ni woga uliovaa nguo za upendo?

Tusiwe wepesi kuhukumu. Kumwona mtu mliyechunga naye mbuzi akishindwa kunyanyua kikombe kunauma. Tena ni mtu wa rika letu, na tukimtazama tunajiona sisi wenyewe. Kwa sisi tulio ugenini uchungu unazidi, maana rafiki wa utotoni ndiye aliyebaki kuwa kijiji chetu. Hapa Uingereza tuna majirani wema na wafanyakazi wenzetu wazuri, lakini ni nani kati yao aliyewahi kula ugali kwa mama yetu? Rafiki huyo akiondoka, anaondoka na sehemu ya maisha yetu ambayo hakuna mwingine anayeijua. Kuogopa si dhambi.

Lakini tuulize: kumbukumbu ile tunayotaka kuitunza ni ya nani, na nani anaihitaji zaidi leo?

Sisi wauguzi tunamjua mgonjwa jinsi alivyo sasa. Tunajua jina lake, ambalo mara nyingi limekosewa herufi. Tunajua tarehe yake ya kuzaliwa, ambayo kwa wazee wetu wengi imeandikwa 1 Januari kwa sababu hakuna aliyeiweka kwenye karatasi. Tunajua dawa zake, amekunywa maji kiasi gani, amelala saa ngapi. Hiyo ndiyo kazi yetu na tunaifanya kwa moyo. Ila jinsi alivyokuwa hatukujui.

Tulikuwa na mzee mmoja wa kwetu wodini, aliyeonekana kama mtu asiyeongea. Aliitikia kwa kichwa tu. Siku moja akaja mwenzake waliyesoma naye shule ya msingi, akasimama mlangoni na kumwita kwa sauti, "Golikipa!" Kisha akamsalimu kwa Kinyakyusa. Mzee akacheka mpaka akakohoa, na kwa dakika ishirini wakabishana juu ya bao moja la zamani, liliingia au halikuingia. Nesi mwenzetu, mzaliwa wa hapa, akatuuliza, "Kumbe huyu anaongea?" Tangu siku hiyo wodi nzima ilimwita Golikipa. Ugonjwa wake haukupungua hata kidogo. Lakini hakuwa tena mgonjwa wa kitanda cha dirishani. Alikuwa mtu mwenye historia.

Hapo ndipo tunapoona kosa la maneno yale. Kama unamkumbuka alivyokuwa, basi wewe ndiwe hasa unayetakiwa kwenda. Unayo mali yake mkononi. Ugonjwa unamwambia kila asubuhi kwamba yeye ni maumivu na vidonge; wewe peke yako unaweza kumwambia kwamba yeye bado ni yule yule. Ukikaa nyumbani na kumbukumbu yako, umeitunza, lakini umemnyima mwenyewe.

Tuna mfano hapa hapa katika nchi hii. Mwaka 1948 alifariki jijini London mgonjwa wa saratani aitwaye David Tasma, Myahudi kutoka Polandi, mgeni mbali na kwao. Katika siku zake za mwisho alikuwa akitembelewa na Cicely Saunders, aliyesomea uuguzi na wakati huo alikuwa afisa wa ustawi hospitalini. Saunders hakuwa na dawa ya kumponya. Alikaa naye, wakazungumza juu ya mahali ambapo watu kama yeye wangeweza kufa bila maumivu na bila upweke. Tasma alimwachia paundi 500, akitaka awe dirisha katika nyumba hiyo. Saunders akasoma tena, akawa daktari, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's, hospisi ambayo imekuwa mfano kwa hospisi nyingi duniani. Kazi hiyo kubwa ina mizizi katika urafiki wa kando ya kitanda, na aliyekuwa kitandani alikuwa mhamiaji kama sisi.

Maandiko nayo yanatufundisha. Elifazi, Bildadi na Sofari walipomwona Ayubu walikaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno. Walianza kuharibu walipofungua vinywa kumweleza kwa nini anaumwa. Na Bwana wetu kule Gethsemane hakuwaomba Petro, Yakobo na Yohana wamwondolee mateso. Aliwaomba wakeshe naye. Hata yeye alitaka rafiki awe karibu, ingawa alijua hawataweza kubadili lolote.

Kiswahili chetu kina neno zito: rafiki wa kufa na kuzikana. Tukubali kwamba hapa ugenini upande wa kuzikana tumeushika vizuri. Msiba ukitokea, ukumbi unajaa, mchango wa kusafirisha mwili unakamilika, sufuria za pilau hazikosekani. Ni jambo jema, tusiliache. Lakini kabla ya kuzikana kuna kuuguzana, na huko ndiko kiti kinapobaki kitupu. Anayesafirishwa hatasikia hotuba zetu. Aliyelala wodini leo anasikia.

Tunajua vikwazo. Zamu za usiku zinachosha. Sheria ya kazi hapa inampa mfanyakazi ruhusa ya dharura kwa ajili ya mume, mke, mtoto, mzazi na wanaomtegemea, lakini rafiki anayeishi kwake kwa kawaida hayumo. Kwa hiyo kumtembelea rafiki kutatugharimu siku yetu ya mapumziko. Wengine marafiki zao wako Mbeya au Bukavu, nao hawawezi kusafiri kwa sababu karatasi bado hazijatoka. Kwao tunasema: rekodi ujumbe wa sauti, simulia kisa mnachokijua ninyi wawili tu, na umwombe aliye karibu amwekee simu sikioni. Hata akiwa haitikii, usikate tamaa. Utafiti kutoka Vancouver, Kanada, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba ubongo wa baadhi ya wagonjwa walio katika saa za mwisho bado uliitikia sauti.

Kwa wanaoweza kwenda, haya machache kutoka wodini. Uliza kwanza kama anataka wageni. Akisema leo hapana, heshimu, kisha uliza tena. Ukiwa umeharisha au kutapika, subiri saa 48 baada ya dalili kuisha. Nawa mikono. Kaa chini, usimsimamie kama mkaguzi. Usimsimulie habari za fulani aliyekufa kwa ugonjwa huo huo, wala usimletee dawa ya mitishamba kwa siri, maana inaweza kugongana na dawa zake. Usimlazimishe kusema kwamba atapona ili wewe ujisikie vizuri. Omba naye akikubali, na sala iwe fupi. Akilia, mwache alie. Akitaka utani, mtanie kama zamani.

Na jambo moja ambalo wengi hatulijui: hapa Uingereza mgonjwa mtu mzima anaweza kumtaja mtu yeyote awe wa kupewa habari zake, hata kama si ndugu wa damu. Kama rafiki yako hana jamaa hapa, muulize kama angependa jina lako liandikwe.

Kila mmoja wetu ana jina la mtu mmoja lililomjia moyoni alipokuwa akisoma haya. Tusimngojee Jumapili nyingine. Saa za kuona wagonjwa zimeandikwa kwenye mlango wa wodi, na kama unaogopa kwenda peke yako, mwambie mzee wa kanisa au mmoja wetu wauguzi baada ya ibada. Tutakusindikiza mpaka mlangoni, kisha tutawaacha ninyi wawili.

Bwana awakumbuke wote walio vitandani wiki hii, na atupe miguu ya kuwafikia. Amina.