Shauku ya Kijana Fundi

Kijana aundaye programu za kompyuta, akeshaye akiisaka hitilafu moja ndani ya msimbo hata aipatapo akafurahi furaha isiyo kifani, hapotezi wakati. Kwani mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 huko Finland, alianza kwa shauku kama hiyo kuiunda Linux, programu iendeshayo kompyuta, ambayo msimbo wake u wazi kwa kila mtu, na ambayo leo ndiyo kiini cha simu za Android tuzitumiazo Kayanga ya Karagwe na Nkwenda ya Kyerwa. Basi, enyi wazazi, msiidharau shauku hiyo. Mkabidhini kijana hesabu za kahawa za chama chenu azitungie programu, ili ilimu yake iwanufaishe jamaa zake.