Panda Mlima, Lakini Shuka na Maji

Somo: Kutoka 32:7, 34:29. Luka 5:15-16

Msimu wa mafungo ya milimani umefika, na wengi mmeniuliza, "Pasta, ni lazima twende mbali hivyo kuomba?" Leo tuuachie Mlima Kenya wetu wenyewe utujibu.

Kwenye njia ya Sirimon kuna kambi inayoitwa Old Moses, yaani Musa Mzee! Iko mita kama 3,300 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka langoni unapita msitu wa mitarakwa na podo, halafu miti inaisha, unabaki na nyasi, upepo na kimya. Hakuna boda boda, hakuna redio ya jirani. Hewa ni nyepesi, ukiharakisha kichwa kinakuuma. Huko lazima mtu apunguze mwendo.

Ukizidi kupanda unakutana na mmea unaoitwa lobelia. Mchana jua linachoma, usiku maji yanaganda. Jioni lobelia inakunja majani yake kulinda kichipukizi cha katikati, na asubuhi inayafungua tena. Yesu alifanya vivyo hivyo. Makutano walikuwa wanamtafuta awaponye, lakini alijitenga akaenda kuomba. Hakungoja kazi iishe. Mpendwa, ukikaa wazi mchana na usiku kwa wateja, simu na vikundi vya WhatsApp, iko siku baridi itafika kwenye kichipukizi.

Lakini hebu tuambiane ukweli. Kuna mtu anayepanda mlima kukimbia nyumba. Hajaongea na mkewe wiki mbili. Chama kinangoja pesa alizokopa. Mwenye nyumba anapiga simu hazishikwi. Halafu anatangaza, "Naenda kufunga siku saba."

Musa alikuwa mlimani na Mungu mwenyewe, na Mungu huyo huyo akamwambia ashuke, kwa sababu watu wake kule chini walikuwa wameharibika. Fikiria hiyo! Na alipopanda tena, alishuka uso ukiwaka nuru na yeye hana habari. Walioiona ni wale aliowakuta chini.

Sasa angalia mlima wenyewe unafanya nini na mvua. Msitu unaizuia isikimbie, udongo unainywa, kisha maji yanaachiliwa pole pole. Mito ya Thiba na Nyamindi inashuka hadi mashamba ya Mwea, kwa hivyo ule mchele wa pilau yako ulianzia safari huko juu. Ewaso Nyiro nayo inabeba maji hadi nchi kavu ya Isiolo na Samburu. Mlima hauyanywi peke yake. Ukikata msitu, mvua itanyesha ile ile, lakini leo utapata mafuriko na kesho mto mkavu. Ndivyo alivyo mtu anayepiga kelele za maombi Jumapili na kufika Jumatano nyumba yake ina kiu.

Mimi nilisomea biashara, nimezoea kuuliza faida iko wapi. Basi usinihesabie siku ulizofunga wala mita ulizopanda. Niambie ni nani alikunywa uliposhuka.

Na wewe usiye na nauli, usijione mdogo. Katika Mathayo 6:6 Yesu alitutuma chumbani, mlango ufungwe. Saa kumi alfajiri, watoto wamelala, simu umeizima: huo ndio mlima wako.

Wiki hii, kabla ya kupanda, mtafute mtu mmoja unayemkwepa. Kama ni mweka hazina wa chama, mwambie ukweli na mpange siku ya kulipa. Kama ni mke au mume, kaeni chini mzungumze. Kisha nenda ukaombe.

Bwana, tupandishe juu, na uturudishe nyumbani na maji. Amina.