Meza ya Mandela

Tumefundishwa kwamba msamaha huanzia moyoni. Afrika Kusini, mwaka 1994, ilitangulia hesabu: katiba ya mpito ilikipa haki ya kuingia katika baraza la mawaziri kila chama chenye angalau viti 20 kati ya 400 bungeni. Ndivyo Mandela, mfungwa wa miaka 27, alivyoketi na de Klerk akiwa makamu wake, na Buthelezi akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, ingawa wafuasi wa vyama vyao walikuwa wameuana kwa maelfu huko Natal. Je, huo ni upatanisho, au unafiki uliovaa suti?

Bwana Yesu alipomwagiza mtu aache sadaka madhabahuni akapatane kwanza na ndugu yake, hakumwambia asubiri moyo utulie. Alimwambia aende. De Klerk na chama chake walijitoa mwaka 1996. Buthelezi alibaki, na Mandela na Mbeki walipokuwa nje ya nchi, yeye ndiye aliyekaimu urais, zaidi ya mara moja. Hapo hesabu ilikwisha. Mandela alichagua mwenyewe.

Lakini wajane wa Natal hawakuwa na kiti pale mezani, nasi hatuwezi kusamehe kwa niaba yao.