Bunduki ya Kwetu au ya Ng'ambo?



Mwezi wa Aprili 2021 Serikali yetu ilifungua kiwanda cha bunduki huko Ruiru, chenye uwezo wa kutengeneza bunduki 12,000 kwa mwaka. Silaha hizo zilikusudiwa vikosi vya usalama, si raia. Hata hivyo habari ile ilizusha swali ambalo nimelisikia likibishaniwa nje ya kanisa baada ya ibada. Ikiwa raia mwenye kibali halali ataka kununua bunduki, na mbele yake ziko mbili, moja ya nchi yake na moja ya kutoka ng'ambo, je, dhamiri yamwagiza achague ya nchi yake?

Kijana mmoja alijibu upesi, "Nunua Kenya, Jenga Kenya! Kama twahimizwa kuvaa viatu vya kwetu, kwa nini isiwe hivyo na bunduki?"

Jibu hilo si la kudharauliwa. Anayenunua kazi ya mikono ya jirani yake humpa jirani mshahara, na mshahara huo huwa unga, karo na dawa. Tena taifa linalowategemea wengine kwa silaha huwa chini yao. Someni 1 Samweli 13, mstari wa 19 hadi wa 22. Wafilisti walihakikisha kwamba Israeli haina mhunzi hata mmoja, na siku ya vita ilipofika Sauli na Yonathani peke yao ndio waliokuwa na silaha mkononi. Lakini angalieni jambo lingine katika habari ile: mkulima naye alilazimika kwenda kwa adui kunoa jembe lake, na kulipa. Aliyenyimwa mhunzi alinyimwa jembe pamoja na upanga.

Sasa tuitazame nchi ambayo imelijaribu swali hili kwa miaka mingi. Huko Marekani raia hununua bunduki dukani kama bidhaa nyinginezo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, bunduki kuukuu za majeshi ya Ulaya ziliingizwa huko kwa wingi na kuuzwa kwa bei rahisi, na wenye viwanda vya huko wakalalamika. Mwaka 1958 Seneta mmoja wa jimbo la Massachusetts, ambalo lilikuwa na viwanda vingi vya silaha, alipeleka mswada wa kuzuia bunduki hizo za kigeni. Jina lake lilikuwa John F. Kennedy. Mswada wake haukupita kama alivyoutaka. Mwaka 1963, akiwa Rais, aliuawa mjini Dallas kwa bunduki kuukuu ya jeshi la Italia, iliyoagizwa kwa posta kutoka duka la Chicago kwa dola kama 20 hivi.

Mtu aweza kusema, "Mnaona! Laiti bunduki za kigeni zingezuiwa." Lakini habari haikuishia hapo. Mwezi wa Aprili 1968 Mchungaji Martin Luther King aliuawa mjini Memphis kwa bunduki iliyotengenezwa Marekani. Miezi miwili baadaye Robert Kennedy, mdogo wake yule Rais, aliuawa huko Los Angeles kwa bastola ya kiwanda cha Massachusetts, jimbo lile lile ambalo kaka yake alitaka kuvilinda viwanda vyake. Tusiseme kwamba Mungu aliwaadhibu ndugu wale, la hasha. Twajifunza tu kwamba mama yao alizika wana wawili, mmoja kwa risasi ya bunduki ya kigeni na mwingine kwa risasi ya bunduki ya nyumbani, na kilio kilikuwa kimoja.

Mwaka huo huo wa 1968 ilipitishwa sheria iliyozuia bastola ndogo za bei rahisi zisiingizwe kutoka nje. Haikuzuia zisitengenezwe ndani. Kwa hiyo viwanda vipya vilizuka, hasa pande za Los Angeles, vikatengeneza bastola za namna ile ile. Na mwaka 1981 Rais Reagan alipigwa risasi kwa bastola ambayo vipande vyake vilitoka Ujerumani, vikaunganishwa Miami. Hiyo nayo tuiite ya wapi?

Basi, wema wa kununua cha nyumbani watoka wapi? Twanunua kiatu cha kwetu kwa kuwa kiatu chenyewe ni chema, na juu ya wema huo twaongeza mwingine wa kumsaidia fundi wetu. Lakini uenyeji hauwezi kukipa kitu wema ambao hakina. Pombe yenye sumu haiponyi kwa sababu mpishi wake ni jirani yetu.

Wala sisemi kwamba Mkristo hawezi kamwe kushika silaha. Ibara ya 37 katika zile Ibara 39 za Kanisa letu yakubali kwamba Mkristo aweza kuichukua kwa amri ya mtawala. Tena mfugaji anayeishi mbali na kituo cha polisi ana hofu ambayo sisi wa mjini hatuijui. Lakini mtu kama huyo yampasa kwanza ajiulize maswali mengine. Je, haja yangu ni ya kweli, au ni fahari tu? Sheria yaniruhusu? Nitaiweka wapi watoto wasiifikie? Je, nyumbani mwetu yuko mlevi, au mwenye hasira, au aliyekata tamaa ya maisha? Akishayajibu hayo yote mbele za Mungu, na bado bunduki mbili ziko sawa, basi achague ya kwao, na mfanyakazi wa nchi yake apate riziki. Swali la uenyeji lina nafasi yake, nayo ni ya mwisho.

Hatari iko pale linapotangulizwa. Mtu aliyenunua jembe la kwetu kwa ajili ya uzalendo, ingawa hakulihitaji, amepoteza shilingi chache. Aliyenunua bunduki kwa sababu hiyo ameingiza kifo nyumbani mwake, akidhani amelitendea taifa jema.

Huko Msumbiji vita vilikwisha mwaka 1992, vikaacha bunduki nyingi zilizotengenezwa nchi za mbali mikononi mwa watu. Mwaka 1995 Baraza la Wakristo la nchi ile, kwa uongozi wa Askofu Dinis Sengulane wa Kanisa letu la Anglikana, lilianza kubadilishana silaha kwa zana. Aliyeleta bunduki alipewa cherehani, au baiskeli, au jembe, na bunduki zikakatwa vipande. Ndivyo Isaya alivyoona katika sura yake ya pili: mhunzi yupo, moto unawaka, na kinachotoka katika moto ule ni cha kulimia.

Tumwombe Mungu aipe nchi yetu wahunzi wengi, na sisi tuwe wanunuzi wa majembe yao.