MAWINDO NA MIPAKA YAKE

Ndugu zetu Waislamu, tumewasikia vijana walioanza juzi kuwinda wakisema: “Mawindo ni halali kwa Kurani, basi ni nani wa kutuzuia?” Neno hili nusu yake ni kweli, na nusu iliyobaki yamponza mtu.

Hapana shaka Mwenyezi Mungu ametuhalalishia mawindo katika Suratul Maida. Lakini sura hiyo hiyo imeweka mipaka. Aliyehirimia Haji au Umra ameruhusiwa mawindo ya bahari, akakatazwa ya nchi kavu. Akiua kwa kusudi, hulipa fidia. Na Mtume wetu (S.A.W.) aliifanya Madina kuwa haramu, mawindo yake yasiguswe. Basi kuwekewa wakati na mahali pasipowindwa si jambo geni katika dini yetu.

Utazameni sasa mtego wa waya utegwao katika msitu wa Arabuko-Sokoke, baina ya Kilifi na Malindi. Mnyama hunaswa shingo usiku, akanyongeka. Mwenye mtego huja asubuhi akamkuta amekwisha kufa. Sura ile ile imemtaja aliyekufa kwa kunyongeka miongoni mwa vilivyoharamishwa. Hapana kisu cha kumhalalisha baada ya kufa, wala Bismillahi isomwayo juu ya mzoga haifai kitu. Nyama hiyo huletwa mjini kwa siri, na sisi tununuao hatuulizi. Je, twawalisha nini watoto wetu?

Tena waya hauchagui. Msituni humo yumo paa nunga, asiyejulikana duniani ila Unguja na pwani yetu ya Kenya. Akimalizika, wajukuu wetu watamsikia kwa jina tu, nasi tutaulizwa amana hiyo.

Iko pia sheria ya nchi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 yamwadhibu awindaye nyama ya kuuza, na hata akutwaye nayo. Sheria isiyotuamrisha maasi, bali yalinda viumbe vya Mola, yatupasa kuitii.

Twawausia, basi: aliyetega na akautegue mtego wake kabla ya jua kuchwa, auziwaye nyama asiyoijua asili yake na akatae. Na akiwa aliyetega ametegeshwa na njaa, lawama ya kwanza ni yetu sisi majirani tulioshiba.

Wabillahi taufiq.